Papa Anaitwa Kazini

Ntoto, mwezi wa kumi na moja 1957

Kwa ndugu yangu mupenzi Hubert, huko Kirotshe,

Pokea salamu zetu sisi wote wa nyumba hii. Wewe uko namna gani, na Joséphine-Marie muke wako, na watoto? Kikohozi cha yule mudogo kiliisha? Wanaotoka kwenu wanasema upepo wa ziwa ni mubaya mwezi huu, na mimi nawaza kifua chake. Mumufunike vizuri. Huku kwetu uzima uko. Polycarpe bwana yangu anakusalimia sana. Muhogo umekomaa, ndizi ziko, nguruwe wa pori walikula upande mumoja wa mahindi lakini walituachia mengine. Papa iko. Anakula vizuri, anatembea kwa miguu yake mwenyewe, na jana alicheka mpaka akashika tumbo kwa sababu kuku alipanda juu ya kofia yake akakataa kushuka. Naanza na hiyo ili moyo wako utulie, maana barua hii ni ndefu, na ndani yake kuna neno ambalo halitakupendeza.

Kufuli na vyuma vya mulango ulivyotuma kwa mukono wa Straton anayeendesha kamyo vilifika. Ni kazi nzuri, kila muntu aliisifu. Ninavirudisha kwako kwa mukono wa huyo huyo Straton. Usikasirike mbele ya kusoma sababu.

Wakati ulipokuja kwa Pasaka, Papa alikuwa anasahau majina tu. Alikuita kwa jina la baba mudogo, tukacheka, na wewe ukacheka. Tangu mvua ilipoanza, mambo yamegeuka. Muchana iko mupole: anakaa karibu na moto, anasuka mutego ambao hauishi, anaufungua, anaanza tena. Lakini jua likiinama, anapata wasiwasi. Anatafuta kitunga. Anatafuta mupanga. Ukimuuliza unaenda wapi, anasema: “Wanaita majina. Nikikosa, watanipiga.” Na usiku, sisi tukiwa usingizini, anaamuka na kushika njia.

Kwanza sikuelewa ni majina gani. Polycarpe njo alielewa, maana baba yake pia alipita mule. Ni ile kazi ya mupira wa pori, wakati wa vita ya Wazungu. Wewe ulikuwa mutoto, lakini najua unakumbuka namna wanaume walivyoamushwa kwa firimbi na giza bado, wakasimama mustari, wakaitwa mumoja mumoja na kapita, yule musimamizi wa kazi, kisha wakaingia porini kukata kamba za mupira. Miaka yote hiyo Papa hakutuambia hata neno. Sasa anasahau kama Mama alikufa, anasahau kama mimi ni mutoto wake, lakini ile firimbi anaisikia kila usiku.

Ndugu yangu, usifikiri tulikaa tu na kutazama. Polycarpe alilala mbele ya mulango. Papa alimuruka kama kijana, hakumugusa hata unywele. Nilificha kitunga, akaenda bila kitunga, akitetemeka kwa woga zaidi kuliko kwa baridi. Tulimukuta mara moja katika shamba la Edmond, jirani yetu wa chini, na Edmond alikuwa tayari ameinua mukuki. Asubuhi Edmond alikuja kutuambia wazi kwamba muzee anayezunguka nyumba za watu usiku, watu wanajua jina lake, na jina hilo ni mulozi. Alisema mara nyingine mukuki hautangoja.

Siku ile sikuenda shambani. Nilipita nyumba kwa nyumba, kutoka kwa Edmond mpaka mwisho wa kijiji. Kila mulango nilisimama nikasema: baba yangu iko mugonjwa wa kichwa. Si ulozi. Mukimuona njiani usiku, musipige kelele, musimukamate kwa nguvu, mumuambie tu “Karibu, Papa Isidore,” na mutume muntu aniite mimi. Wengine walinisikiliza, wengine walitazama chini. Muke wa Edmond alilia, akasema nyanya yake alikufa hivyo hivyo na watu hawakumuhurumia. Tangu hapo Edmond mukuki anaulaza ndani ya nyumba.

Kisha kufuli yako ilifika. Tuliiweka, kwa sababu nilichoka na kwa sababu ni wewe uliyeituma. Usiku wa kwanza Papa alilala. Usiku uliofuata aliamuka, akasukuma mulango, ukakataa. Hubert, yeye hakufikiri kwamba ni mulango wa nyumba yake. Alifikiri wamemutia boloko, gereza la Wazungu. Tulipofungua, kucha zilikuwa na damu na bega limevimba, alipiga magoti akanishika nguo, akaniambia: “Mama, sikukimbia. Mwambie kapita mimi sikukimbia.” Mimi, mutoto wake. Nilitoa ile kufuli siku hiyo hiyo na ncha ya mupanga. Kwa hiyo utaona mukwaruzo kwenye chuma, ni mimi. Na kama wewe ungekuwa hapa, ungenitangulia kuitoa.

Tukajaribu namna nyingine. Polycarpe alichukua kengele za mbwa wa kuwinda, zile za muti, akazifunga juu ya mulango. Mulango ukisogea, nyumba yote inaamuka. Akajenga lupango ya mianzi kuzunguka nyumba, na ndani yake tukasafisha njia, tukatoa mawe na visiki, ili Papa akitaka kutembea atembee, azunguke, arudi mahali alipoanza. Hiyo ilisaidia. Usiku mwingi nilizunguka naye, mukono wangu ndani ya mukono wake, mpaka miguu yake ikachoka. Lakini hakutulia. Aliniuliza tu: “Tutafika lini? Wameisha kuita?”

Halafu siku ya mvua kubwa, kengele hazikulia. Papa alipita nyuma, jikoni, akafungua ukuta wa majani kwa mikono yake kimya kimya kama anavyofungua mutego, akapita chini ya mianzi. Tuligundua alfajiri. Nilifuata nyayo zake katika matope, na zilienda mpaka kwenye kilalo, ile daraja ya kamba inayovuka muto. Unaijua namna inavyokuwa wakati wa mvua: maji yanagusa miti ya kukanyagia. Katikati muti mumoja ulikuwa umetoka. Nilisimama pale nikaita, na muto ulinimeza sauti. Nilimuambia Polycarpe tushuke tutafute mwili. Ndiyo, nilisema neno hilo.

Wakati ule njo tuliwaona ng'ambo. Wazee wawili wanakuja polepole. Papa nyuma, na mbele yake muntu aliyemushika mukono, akimuonyesha mahali pa kuweka muguu. Walivuka hivyo, hatua kwa hatua, mpaka Papa akasimama juu ya udongo. Alikuwa amelowa lakini uso wake ulikuwa mutulivu. Aliingia nyumbani, akalala mpaka muchana.

Sasa nitakuandikia muntu huyo ni nani. Nakuomba usikunje karatasi. Ni Kabera.

Ndiyo, Kabera kapita. Yule aliyempiga Papa kiboko mbele yetu kwa sababu kitunga hakikujaa. Yule aliyemukatalia Papa kurudi kijijini wakati Mama alikuwa katika uchungu, na Papa alipofika, mutoto alikuwa amekwisha kuzikwa. Sijasahau hata kimoja. Nakumbuka pia kiapo chako, miaka kadhaa baadaye, siku ya kumuzika Mama, kwamba Kabera akikanyaga lupango yetu utamukata miguu.

Kabera sasa iko muzee, muke wake alikufa, watoto wake walienda Kitshanga na hawarudi. Anaishi peke yake ng'ambo ya muto, na watu wengi hawamusalimii. Siku ile, akisimama kwenye mvua nje ya lupango, aliniambia namna ilivyokuwa: “Nilifungua mulango nikamukuta amesimama wima kama zamani. Akasema, Niko hapa, kapita. Nilimwambia arudi nyumbani, akaogopa, akafikiri ninamutega. Njo nikamuita kama tulivyokuwa tunaita. Nikasema, Isidore, kazi yako imetosha, rudi kwako. Saa hiyo hiyo akageuka.”

Kumbe kila usiku Papa alikuwa anaenda kwake. Njia zote alizoshika zilielekea kule, kujibu jina lake.

Sikumushukuru Kabera. Nilifunga mulango. Nilifikiri, kama ni neno tu, sisi wenyewe tutalisema. Jioni ile niliita: “Isidore, kazi yako imetosha!” Papa akanitazama kwa huruma, akasema wanawake hawaiti majina. Polycarpe akajaribu na sauti nzito, kifua mbele. Papa akacheka: “Wewe ni mukwe wangu, uache michezo.” Fikiria! Usiku ule alimujua mukwe wake, na bado alienda kwenye lupango akatikisa mianzi mpaka asubuhi.

Nilipigana siku chache na moyo wangu. Kisha nilivuka kilalo mimi mwenyewe. Kabera alikuwa anapepeta maharagwe. Nilimuambia yote, wima, bila kukaa: kiboko, uchungu wa Mama, kaburi ndogo. Nilifikiri atasema aliamuriwa na Muzungu. Hakusema hivyo. Alisema: “Najua. Mimi nilikuwa pale.” Halafu akasema nikimuruhusu kufika kwetu, atakuja kila jioni.

Nikamujibu: “Sikuruhusu. Nakuagiza. Utakuja jua likishuka, utasema neno lako, utarudi. Hutakaa, hutakula.”

Akasema: “Ndiyo, mama.”

Kwa hiyo Kabera anakuja, Hubert. Kila jioni, hata kwenye mvua, na fimbo yake ya kutembelea. Anasimama katika muingilio wa lupango, anaita: “Isidore!” Papa anasimama, anajibu: “Niko!” Kabera anasema: “Kazi yako imetosha. Hata kesho usikuje. Kula, lala.” Papa anatoa pumzi ambayo unaweza kuisikia kutoka jikoni. Anakula, analala. Si usiku wote. Kuna siku anaamuka tu, na kengele zinalia, na mimi nazunguka naye. Lakini haendi tena kwenye muto, na kucha zake zimepona.

Usiniulize kama nimemusamehe. Yeye hajaniomba, na mimi sijatoa. Ninachojua ni kwamba sauti iliyomutoa Papa nyumbani, njo hiyo moja inayoweza kumurudisha, na mimi nitaitumia mpaka siku ya mwisho ya baba yangu. Padri aliposikia alitaka kufanya maombi ya upatanisho mbele ya watu. Nilimuomba angoje.

Neno moja tena. Juzi Kabera alikuja akikohoa. Aliita, Papa akajibu, akapewa ruhusa yake kama kawaida. Lakini badala ya kwenda kwenye chakula, Papa alimuendea karibu kabisa, akamutazama uso muda murefu. Nilitoka jikoni mbio, nikifikiri amemujua sasa, na kwamba itakuwa vibaya. Papa akasema: “Kapita, umezeeka. Na wewe, nani anakwambia urudi? Haya, rudi kwako. Imetosha. Mvua inakuja.”

Kabera aligeuka, akaenda, na fimbo yake akaisahau kwenye mianzi. Njia ilikuwa na utelezi na giza lilikuwa linashuka. Niliichukua ile fimbo, nikamukimbilia, nikaiweka mukononi mwake.

Sasa wewe utakuja kwa Noeli, na ninakungojea kwa furaha, na Papa pia, hata kama hatajua ni wewe. Lakini ujue mbele ya kupanda kamyo: jioni utakayofika, Kabera atakuwa kwenye muingilio wa lupango. Kama huwezi kumutazama, ukae jikoni na mimi na ugeuze uso. Kama una hasira, uilete, utapasua kuni. Lakini usimufukuze. Mimi njo ninaamuka usiku katika nyumba hii, na katika jambo hili nimekwisha kukata shauri.

Ukija, leta misumari na mbao nyembamba. Nataka uimarishe ukuta wa jikoni na utengeneze muti uliotoka kwenye kilalo, maana muzee wa ng'ambo anaupita kila siku. Umusalimie sana Joséphine-Marie, uwabusu watoto, umwambie mudogo kwamba shangazi yake amemuwekea asali. Polycarpe anakusalimia tena. Papa, nilipomuambia nakuandikia, alisema nikuambie ule vizuri na usichelewe kulala.

Mungu awalinde huko, na sisi huku.

Ni mimi dada yako anayekupenda,

Annonciata