Elfu Ishirini na Moja za Video ya Najma

Bertrams, Johannesburg
Jumapili, 19 Oktoba 2025

Mpendwa Dada Mwanakombo,

Shikamoo dada yangu. Naomba barua hii ikukute umekaa, mguu umeunyoosha juu ya kigoda kama daktari alivyokuagiza, si jikoni umesimama kwa ubishi. Nyuzi zimeshatolewa? Bado unavimba jioni? Shemeji Bakiri hajambo? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Kifua cha Salum kimemwachia tangu baridi iondoke, nami niko na cherehani yangu kama unavyonijua.

Utashangaa kwa nini nimeshika kalamu na simu zipo. Kundi letu la familia kwenye simu lina masikio mengi, na shemeji Selemani, huyu mdogo wake Salum, yumo. Haya nataka uyasome wewe peke yako. Anayekuletea ni Mahmoud, jirani yetu anayekuja Tanga kumwona mama yake. Pamoja na barua hii kuna bahasha yenye flashi ya video ya harusi ya Najma. Bahasha nimeishona kwa uzi mwekundu. Ukikuta uzi wa rangi nyingine, nipigie kabla hujafungua.

Harusi ulisimuliwa. Ndoa ilifungwa msikitini Jumamosi tarehe 27 Septemba, na alasiri wanawake tukawa na shughuli yetu ukumbini. Ila ya video hujayasikia.

Salum alisema video ya nini, kila mtu ana simu. Nikamwambia, binti yetu Najma kalelewa na Mwanakombo mpaka ana miaka tisa, na Mwanakombo hawezi kusafiri na mguu ule. Leo aione harusi ya mwanawe kwa vipande vya simu, nusu dari, nusu visigino vya watu? Akakubali. Basi Selemani akasema anamjua mpiga video mzuri, Mkongomani anaitwa Pitchou, ana chumba cha kazi Jeppestown.

Pitchou aliletwa kwetu na Selemani, amevaa viatu vyeupe, akakataa chai, akataja bei. Randi elfu ishirini na moja, nusu mbele. Kwa hela za huko ni kama milioni tatu, dada! Nikamuuliza anapiga picha ya harusi au anajenga ukumbi. Akacheka, akasema, "Mama, bei ile iko na mambo mengi ndani." Kamera mbili, mtu wa kulinda vyombo visiporwe njiani, na mwanamke wa kupiga upande wa wanawake. Huyo mwanamke ndiye aliyenifunga mdomo. Unajua tukiwa wenyewe tunavyokaa, vichwa wazi, mabega nje, watu wanacheza. Siwezi kumwingiza mwanamume pale.

Nikalipa nusu. Usiku huohuo nikaanza kujiuliza, mbona mwanamke mwenyewe hajaja naye?

Nina mteja anaitwa Lois, Mkenya anayefanya kazi benki kule Midrand, huniletea nguo nipunguze. Yeye naye alimtumia Pitchou mwaka jana. Nikampigia. "Mimi nililipa elfu kumi na mbili na mia tano," akasema, "na hiyo pia nililia." Kamera moja, na video akaingoja miezi saba. Nikaanza kupiga hesabu. Elfu nane na mia tano za juu ni za nani? Mwanamke gani huyo analipwa hivyo? Na Selemani, ambaye hata nyama ya buchani hainunui bila kubembeleza bei, mbona pale alikaa kimya akitazama zulia?

Nikamwomba Pitchou nimwone huyo mwanamke. Mara anaumwa. Mara yuko Durban. Mara ya tatu nikaenda Jeppestown mwenyewe. Chumba cha kazi ni nusu ya chumba, dada, nusu nyingine wanashona viti vya sofa. Nikausoma mkataba tena palepale nimesimama. Kumbe kuna mstari chini kabisa unasema anaweza kutumia picha zetu kujitangaza. Nikachukua kalamu nikaufuta, nikamwambia atie sahihi pembeni. Akatia, lakini hakucheka tena. Nikamwambia, "Nisipomwona huyo dada kabla ya Ijumaa, hela yangu irudi."

Alhamisi akaja mlangoni msichana mwembamba, begi mgongoni, anaitwa Thérèse. Chai yeye aliinywa. Nikamtupia lile swali lililokuwa linaninyima usingizi, kwamba picha za wanawake zikishapigwa, nani anakaa nazo kuzikata na kuziunganisha? Maana hata mwanamke akishika kamera, kama Pitchou ndiye atakayekaa wiki nzima anatutazama kwenye kompyuta, tumefanya nini?

Thérèse akazungusha kikombe. Halafu akasema, "Mama, kupiga ni miye. Kukata ni miye. Yeye anatafutaka wateja tu. Mwanamke akitaja bei, watu wanakatakata mpaka inabakia ya sabuni."

"Na yeye anakupa ngapi?"

"Elfu mbili."

Elfu mbili katika ishirini na moja! Moyo uliniuma, lakini nikajizuia. Nikajisemea, na huyu naye isije ikawa ametumwa anitoe machozi ili nisiulize mengine. Nikamsindikiza mpaka nje, nikasimama nimtazame anapanda gari la nani. Akaondoka kwa miguu.

Siku ya harusi nilikuwa na macho manne. Thérèse akiinama kwenye begi, naenda. Akitoka kwenda msalani, nahesabu dakika. Akiwa anawapiga picha watu wanacheza, mimi nyuma yake nahakikisha simu yake iko mezani. Wifi zangu waliniambia nikae nile, sikukaa.

Tulipomaliza, Pitchou akagonga mlango wa ukumbi, Selemani pembeni yake. Anataka kadi zote mbili za picha zilizo kwenye kamera ya Thérèse, akafanyie kazi kwake. Nikasema kadi za wanawake hazitoki. Selemani akaniambia mbele za watu, "Shemeji, mpe mtu vitu vyake, unaniaibisha." Nikamgeukia Thérèse, nikitegemea atampa bosi wake. Yule msichana akafungua kamera, akatoa kadi moja, akatoa ya pili, akazitia kwenye kiganja changu na kukikunja kwa mikono yake miwili. "Hizi ni za wamama," akamwambia Pitchou. "Nitakatia kwa mama."

Pitchou alipandwa na hasira. Akamwambia Thérèse asikanyage tena Jeppestown. Kisha akanigeukia mimi, akasema nimemharibia kazi, na hasara ni yake peke yake, maana hata zile elfu tatu za Selemani ameshamlipa!

Selemani akaangalia viatu vyake. Elfu tatu, kwa harusi ya mtoto wa kaka yake. Kwa wiki sita nilikuwa nimemshuku, nikidhani nikija kupata ushahidi nitapiga vigelegele. Sikuona raha yoyote. Niliona mtu aliyembeba Najma mabegani tulipomleta nchi hii, anatafuta mlango wa kutokea.

Salum ndiye aliyewakalisha kesho yake. Ile nusu iliyobaki ilikuwa elfu kumi na mia tano. Pitchou akapewa elfu nne, kwa kuwa kamera ni zake, na Thérèse elfu sita na mia tano, mkononi kwake. Selemani hakuja. Mpaka leo hajaja. Najma ananiuliza baba mdogo yuko wapi, namwambia ana kazi nyingi.

Thérèse alikuja siku tano na kompyuta yake nzee. Nikasogeza cherehani, akafanyia pale mezani, mimi pembeni napiga pindo. Siku mbili za kwanza sikutoka hata kwenda dukani. Siku ya tatu nilimwachia ufunguo, na huko sokoni nilizikumbuka zile kadi mara nne tu.

Siku ya tano tukafika pale Najma anapoingia ukumbini. Kapendeza, dada, hata sijui nikuelezeje. Anatembea taratibu, anafika mbele, anainua macho kunitafuta. Ananiona. Machozi yanamtoka na anatabasamu. Na mimi nimesimama palepale, uso nimeukunja kama askari wa mpakani, natazama kamera. Tukaendelea. Anatuzwa, natazama kamera. Anakata keki, ananiletea kipande mdomoni, nakipokea huku natazama kamera.

Thérèse akasimamisha. "Mama, hapa naweza kukata. Hakuna mtu atajua."

Nikamwambia aiache.

Basi utaiona. Itazame na wanawake wenzako tu, na usimpe fundi yeyote wa kibandani akunakilie. Ukifika hapo usinicheke, wala usinihurumie. Mtazame Najma. Mtazame vizuri na kwa ajili yangu pia, halafu uniandikie alikuwaje.

Msalimie shemeji Bakiri, mwambie kanzu yake iko tayari, nangoja tu mtu wa kuileta. Msalimie mama Rukia na wanawe wote. Salum anakuamkia, Najma na mumewe wanaomba dua zako. Mola aupe mguu wako nguvu na akuweke mpaka tuonane uso kwa uso.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye popote nilipo,

Mwatumu