Mkeka wa Maktabani

Cedar-Riverside,
Minneapolis, Minnesota.
9 Desemba 1997

Mpendwa Kaka Faustino,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi ambayo hata nikikueleza hutaamini. U hali gani? Wifi Valentina hajambo? Mguu wake umepona au bado anachechemea? Na watoto je, na kahawa ya mwaka huu? Sisi huku wazima. Shemeji yako Enock mafua yamemwachia. Susan ameng'oka meno ya mbele, akicheka unaona mpaka koo, na bado ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Mama naye hajambo. Neno hilo nimeliandika kwa makusudi, tena kwa mara ya kwanza tangu afike, maana katika barua zote zilizopita nilikuandikia tu kwamba Mama yupo, ili nisikudanganye.

Barua yako niliipata. Nimesoma ulivyosema kwamba Mama arudi Mbinga kabla ya Krismasi, kwamba watu wanasema amekimbilia Amerika kumsahau Baba, na kwamba mjane aliyekaa kaburini macho makavu sasa anakula raha. Nilikasirika, kisha nikaogopa, kwa sababu nami hapa nilikuwa naona kile kile ulichokiona wewe huko. Tangu Septemba Mama alikuwa anapika, anamwogesha Susan, kisha anarudi kukaa dirishani. Baba hamtaji. Nikimtaja mimi, anainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo vimeshaoshwa. Nilikuwa nimekwisha amua kumkatia tiketi kama ulivyotaka, ingawa nilijua kwamba bila yeye kukaa na Susan masomo yangu ya uuguzi yangesimama. Niliona heri yasimame kuliko Mama azimike hivi hivi mbele ya macho yangu.

Sasa nakuandikia lililotokea Jumamosi. Tafuta kiti kwanza, Kaka. Mimi mwenyewe mpaka leo sijatulia.

Hapa jirani pana maktaba ya mtaa. Usiwaze ile ya parokia, ambayo Padri alitembea na ufunguo mfukoni na ukikohoa mara mbili unatolewa nje. Hii anaingia yeyote, anabeba vitabu mpaka kwapani, na hakuna anayemwomba hata dhamana. Mwezi wa Desemba ndio wanapagawa kabisa. Siku moja watoto wanakata karatasi kutengeneza theluji, kana kwamba hiyo ya nje haitoshi. Siku nyingine wazee wa Kiyahudi wanawasha mishumaa yao na kugawa viazi vya kukaanga. Kwaya inaimba nyimbo za Noeli katikati ya makabati, na watoto wanakula biskuti zenye sukari ya rangi juu ya vitabu vya serikali. Nilipomwona mmoja anapanguza vidole kwenye kamusi kubwa nilishika kichwa, na mkutubi akanitabasamia!

Lakini lililonitoa macho ni tangazo la Jumamosi hiyo. Wamarekani weusi wana sikukuu yao ya mwisho wa mwaka inayoitwa Kwanzaa, nayo maktaba huionyesha mapema, na maneno yake ni Kiswahili. Sikutanii. Ukutani pameandikwa kwa herufi kubwa: UMOJA, UJIMA, NIA, IMANI. Mimi ambaye miaka yote hii nasema Kiswahili kwa kunong'ona ndani ya basi nisije nikatazamwa, nilisimama pale nikasoma ukuta mzima kwa sauti. Nilipomsimulia Mama, niliona amegeuka kutoka dirishani. Basi nikamwomba jirani yetu Philister, Mkenya anayefanya kazi hospitalini, awapeleke Mama na Susan kuangalia sherehe hiyo. Mimi ningetoka zamu na kuwakuta huko huko.

Nilichelewa. Nyumba ya wazee ninayofanyia kazi iko Coon Rapids, na barabara yote ilikuwa barafu. Nilipofungua mlango wa maktaba nikasikia kilio. Kaka, hakikuwa kilio cha mtoto aliyejikwaa. Kilikuwa kilio cha msiba, kile kirefu cha kwetu, kinachoanzia juu na kushuka huku kinaita jina. Ndani ya maktaba! Niliitambua sauti ya Mama, na kwa kuwa hata kwa Baba hakulia, nikajua jambo moja tu: Susan amekufa.

Nilikimbia na mabuti yangu ya theluji, nikapiga kumbo kigari cha vitabu vikamwagika, sikugeuka. Mlangoni pa ukumbi mdogo nikamkuta Philister, mikono kichwani.

"Yawa, Blandina, kuja haraka! Mathe yako analia huko ndani, na hakuna mtu amekufa!"

"Susan yuko wapi?"

"Si huyo hapo, anakula biskuti."

Nilimshika Susan nikampapasa kichwa mpaka miguu. Mdomo umejaa, ananishangaa. Akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba Bibi anamlilia Babu, kwa sauti ya kawaida tu. Ndipo nikainua macho nikaona ukumbi, na nikatamani ardhi ipasuke.

Katikati walikuwa wametandika mkeka. Ndivyo sikukuu yao inavyotaka. Juu ya mkeka wanapanga mishumaa, mahindi, matunda na kikombe. Nyuma ya mishumaa ilisimamishwa picha ya mzee mmoja mweusi, amevaa suti. Watu wameketi kwenye viti, kimya, na makoti yao meusi ya baridi. Pembeni akina mama wawili wanamimina chai. Sasa niambie wewe. Mkeka, mishumaa, picha ya mzee, watu kimya, chai inamiminwa, na ukutani pameandikwa imani. Ungefikiri nini? Philister ananiambia Mama alisimama mlangoni kidogo, akatazama, akavua mabuti, akatoa kanga chini ya koti akajitanda. Kisha akaenda moja kwa moja kuketi mkekani, miguu ameinyoosha kando ya mahindi ya watu, na akaachia kilio.

Watu waliganda. Mzee mmoja wa Kizungu alikuwa amesimama, hajui kama aite gari la wagonjwa au akae. Huko nyuma watu wawili watatu walipiga makofi wakidhani ni sehemu ya sherehe. Makofi, Kaka! Mama analia, wao wanampigia makofi!

Nilikwenda kumwinua. Nikamwinamia nikamwambia polepole, "Mama, tafadhali inuka. Hapa hakuna msiba, ni sherehe."

Alinitazama kama mimi ndiye niliyepungukiwa akili. Akanyoosha mkono kwa mwanamke aliyekuwa amesimama karibu na mishumaa. "Na yule?"

Yule anaitwa Margaret, mkutubi wa watoto, Mmarekani mweusi wa makamo. Ndiye aliyekuwa anaongoza shughuli. Alikuwa bado ameshika kiberiti, na machozi yanamtiririka mpaka kidevuni bila kuyafuta. Nikaanza kumwomba radhi, maneno yananipotea, namweleza kwamba kwetu mkeka ukitandikwa namna hii na picha ikawekwa, watu huja kulia. Aliniuliza tu Mama alikuwa anasema nini katika kile kilio.

Nikamwambia anamwita baba yangu. Anamwuliza, Zakaria, mbona ulitoka kwenda shambani bila kunywa uji? Kaka, ni ule uji ulioniandikia kwamba ulikutwa mezani umefunikwa, wakati Baba ameshaletwa amebebwa.

Margaret akaigeukia ile picha, akasema ni baba yake. Nilidhani sikumsikia vizuri. Alimzika mwezi uliopita huko Mississippi, akapewa ruhusa ya siku chache, akarudi kazini. Wenzake walimwekea kadi na maua mezani, kisha wote wakawa waangalifu wasimtajie tena, wakiona ndiyo heshima. Jumamosi aliiweka picha pale kwa sababu sikukuu yao huwakumbuka waliotangulia, ila hakumwambia mtu ni ya nani. Ukumbi mzima ulidhani ni mtu fulani wa kwenye historia. Watu waliojaa pale wanamfahamu Margaret miaka, na aliyeuona msiba wake ni mama yetu, aliyetoka Mbinga juzi juzi, asiyejua Kiingereza hata cha kuombea maji.

Nilipomtafsiria Mama, hakushangaa hata kidogo. Alisogea akapigapiga mkeka kumwonyesha pa kukaa. Margaret akavua viatu, akaketi na sketi yake nzuri ya sherehe, Mama akamfunika upande wa kanga, wakalia. Huyu anaita Zakaria, yule anaita Daddy. Hakuna aliyewakataza. Mmoja wa wale akina mama wa chai akaja akapiga magoti na kuwapa vikombe, kama vile alizaliwa Mbinga. Wale waliopiga makofi sikuwaona tena, nadhani aibu iliwatoa.

Tangu hapo Mama si yule uliyemsindikiza uwanja wa ndege. Dirishani hakai. Jana, akisonga ugali, alianza mwenyewe kunisimulia jinsi Baba alivyouziwa baiskeli isiyo na breki akaingia nayo kanisani Jumapili ya Matawi, akacheka mpaka mwiko ukamtoka. Enock alikuja mbio kutoka chumbani akidhani kuna ajali. Jumapili Margaret alitutembelea. Hawana lugha wanayosikilizana, lakini walikaa mchana kutwa. Kila mmoja alimwonyesha mwenzake picha ya marehemu wake, na Susan akawa mkalimani, Kiswahili cha Mama anakitoa kwa Kiingereza bila kukwama. Mimi niliyedhani lugha imempotea nilikaa jikoni nikisikiliza.

Sasa jibu la barua yako. Nilimwambia Mama kwamba unataka arudi kabla ya Krismasi na kwamba tiketi naweza kuipata. Aliniuliza baba wa Margaret alizikwa lini, akahesabu kwa vidole, akakuta arobaini yake inaangukia wiki ya Krismasi yenyewe. Akasema hawezi kumwacha mfiwa kabla ya arobaini, wewe mwenyewe amekulea unajua. Mwakani atakuja, tena atakuja kabla ya misa ya mwaka ya Baba, ameapa. Nami sikubishana naye. Hao wanaosema anakula raha Amerika waambie Mama yuko msibani.

Kuna jambo moja nimelizunguka tangu mwanzo wa barua hii. Pale mkekani, nikiwa bado nimesimama natafsiri huku na huku, Mama aliniangalia, kwa muda, kama ndiyo kwanza nafika. Akanishika mkono. Akasema, "Pole, mwanangu. Umefiwa na baba yako."

Kaka, tangu ile simu yako ya Machi kila mtu huniuliza Mama anaendeleaje. Nami nimekuwa nikiuliza hivyo hivyo, mchana na usiku. Kuja kuzika sikuweza, kwa sababu ya karatasi zangu, ningetoka nisingerudi. Nilikwenda kazini siku mliyokuwa mnazika. Niliogesha wazee wa watu. Sijawahi kuketi chini na mtu akaniambia pole kama mfiwa. Basi niliketi mkekani na sare yangu ya kazi na mabuti yanayodondosha maji, nikalia kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Saa ya kufunga ilipita, wakazima taa za kule mbele na kutuachia za ukumbini, na mlinzi akakaa nje ya mlango anatungoja.

Barua hii nampa Serah, mwanafunzi mwenzangu anayesafiri kesho, aitie posta akifika Dar, ili ikukute kabla hujaanza kumngojea Mama. Nisalimie Wifi na watoto wote, nisalimie Shangazi Eufrasia na mwambie zile kanga alizompa Mama zimefanya kazi kubwa. Enock na Susan wanawasalimu. Mungu awalinde, awape Noeli ya amani na awarudishie kwa wema yote mliyombebea Baba siku ile bila mimi.

Ukipita kaburini, Kaka, mwambie Baba kwamba Mama ameshalia. Mwambie na mimi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye siku zote,

Blandina