Wageni wa Siku ya Jina Langu

Alhamisi, 23 Septemba 1948

Siku ya jina langu, sikukuu ya mtakatifu niliyepewa jina lake. Mlango wazi tangu asubuhi, sinia mezani, mtungi wa jamu ya cheri ya kumlambisha kila mgeni kijiko kimoja, vijiko vya marehemu mama. Siku ya jina mtu haalikwi, anakuja mwenyewe. Hawakuja. Tangu serikali imtupe kaka yangu kifungoni kisiwani kwa ukomunisti, mtaa mzima unanipita.

Alikuja Prodromos tu, fundi rangi. Alilamba kijiko, akaomba tena. Akakaa mpaka usiku akinisimulia vituko vya punda wa baba yake. Nilikuwa nimesahau kucheka.

Ijumaa, 24 Septemba

Bwana Kleanthis, mwandishi wa gazeti, ameuawa jana jioni. Risasi, nyuma ya maghala ya tumbaku. Kwenye foleni ya mkate kila mtu mpelelezi — ni waasi wa kikomunisti wa milimani, la, Waingereza, la, serikali yenyewe, alijua mengi mno.

Mimi hakuna aliyeniuliza. Nilichukua mkate nikarudi.

Jumatatu, 27 Septemba

Wamemkamata Prodromos! Eti wamekuta kopo la rangi nyekundu kwake, rangi ya wakomunisti. Fundi rangi akutwe na nini, samaki?

Nilikwenda kituoni. Nikamwambia sajini alikuwa kwangu jioni nzima.

"Wewe si dada wa yule wa kisiwani?" akasema. "Fundi naye kasema hivyo hivyo. Tumewauliza majirani. Wote walikuwa kwako, na fundi hawakumwona."

Wote. Kwangu.

Baadaye

Nimeelewa. Kutokwenda kwa mtu siku ya jina lake ni aibu, kwa hiyo kila mmoja alimwambia mwenzake kwamba alifika. Uongo wa adabu tu. Sasa umepigwa muhuri kituoni na hakuna anayethubutu kuufuta. Watamnyonga mtu kwa ajili yake.

Jumatano, 29 Septemba

Bibi Aspasia wa nyumba ya pili kaja na keki. Hajakanyaga hapa tangu kaka achukuliwe.

"Shoga yangu, siku ile tulijaa kweli, eti?"

"Nani alijaa, Aspasia?"

"Usituaibishe. Hakimu anakuja hapa Jumamosi kukuuliza. Na kaka yako unataka arudi, au hutaki? Watakaoulizwa habari zake ni sisi majirani."

Alinishika mkono. Niseme ukweli, nilifurahi kuitwa shoga. Aliondoka, nikalia, nikaila keki yake yote.

Jumamosi, 2 Oktoba

Majirani wamejaa. Viti havitoshi. Wananitakia heri ya jina na maisha marefu, wananibusu, wanakumbushana nani alikaa wapi. Nyumba haijanukia watu hivi tangu mama alipokuwa hai.

Hakimu kafika na sajini. Mtu mpole, ana mafua. Kaniuliza siku ile walikuja wageni wangapi. Nikasema ngoja kwanza nilete jamu. Naandika nimesimama, mlango wa jikoni nimeurudishia.

Mtungi ninao mbele yangu. Umejaa hadi karibu na shingo. Umepungua vijiko vya mtu mmoja tu — hata kipofu angeona. Nikiwapakulia hawa wote utakwisha, na hakuna atakayejua. Nisipowapakulia, hawatarudi tena maisha yangu yote. Kaka naye.

"Shoga, mbona jamu inachelewa?" Aspasia anaita. Wanacheka. Nasikia sauti ya hakimu, anauliza kama ni ya cheri.

Nimekirudisha kijiko cha kupakulia kwenye droo. Nabeba mtungi kama ulivyo, hakimu auone mwenyewe —