Pua ya Mwanaisha

Jumatatu, 5 Mei
Maji ya redieta nimetia. Upepo wa matairi unatosha. Kesho ni siku ya mashine. Jumanne na Ijumaa, mwaka wa pili huu, natoka na mke wangu Mwanaisha hapa Mishomoroni, tunavuka daraja la Nyali, anakwenda kusafishwa damu. Figo zimekataa kazi. Mimi ndiye dereva. Nilistaafu nipumzike, kumbe.

Leo tena Mwanaisha kasema gari lanuka mpira unaoungua. Wiki ya tatu, wimbo ni huo huo. Mimi sisikii kitu. Lakini mimi tangu ile homa kubwa pua yangu ni pambo tu. Juzi nilikuwa nala samaki aliyeoza, yeye ndiye aliyeninyang'anya sahani.

Jumanne, 6 Mei
Siku mbaya. Foleni darajani, mvua, madirisha juu. Mwanaisha kalala kiti cha nyuma kama kawaida yake, leso kaifunga puani. Akatapika kwenye mfuko. Kurudi, akatapika tena.

Nikamwambia hakuna harufu, anatafuta kisingizio cha kutokwenda. Nimesema hivyo, kwa mdomo wangu huu. Hajasema nami mpaka sasa.

Jumatano, 7 Mei
Nimepeleka gari kwa Kazungu, fundi wetu, karakana yake iko hapo chini barabarani. Kabla sijatoka, Mwanaisha akakiweka chetezo ndani ya gari, akatia udi, akafunga milango yote. Gari likafukizwa kama nguo za Idi. Eti hawezi kupeleka uvundo wake kwa watu, aibu. Kwao walilelewa hivyo, mgeni hakaribishwi penye harufu mbaya. Sikubishana.

Kazungu akaingiza kichwa dirishani, akacheka. "Mzee, mbona hapa panukia kama chumba cha bi harusi?" Mpira uungue wapi? Akafungua boneti, akatazama mkanda wa injini: mzima, umelegea kidogo. Akaukaza. Tukalizungusha gari mpaka Bombolulu na kurudi. Yeye kasikia udi, mimi sikusikia kitu.

Nikarudi nyumbani kifua mbele. Nikamwambia fundi hakuona neno. Nilifurahi kushinda. Mtu wa miaka sitini na saba.

Alhamisi, 8 Mei
Jioni alikwenda kukaa garini kujaribu, injini nikawasha. Hakumaliza dakika kumi. Kashuka, kashika ukuta. Kesho hendi, kasema. Tuktuk hawezi, inamrusharusha na ule mkono unaochomwa sindano za mashine unamuuma siku mbili.

Nimechoka. Nimechoka na hospitali, na foleni, na gari hili, na kuwa mimi ndiye ninayeulizwa kila kitu.

Ijumaa, 9 Mei
Hakwenda.

Nesi amepiga simu mara mbili. Ya pili amenifokea, na haki yake. Kasema akikosa, maji yanajaa mwilini, yakifika mapafuni tusimlaumu mtu. Nafasi nyingine ni Jumatatu asubuhi. Nikaenda msikitini. Hotuba yote sikuisikia hata neno moja.

Naogopa. Wallahi naogopa.

Jumamosi, 10 Mei
Asubuhi miguu yake imevimba. Nilibonyeza kwa kidole, shimo likabaki hapo, halijai. Nikampigia Kazungu. Nikamweleza yote, hata maneno yangu ya Jumanne, sijui kwa nini. Akasema ule udi ndio uliompiga chenga. Anakuja mwenyewe, na leo asifukize mtu.

Mwanaisha tukamwekea kiti cha plastiki mlangoni. Kazungu akawasha gari, akaliacha lingurume, akamwambia, "Mama, leo fundi ni wewe." Tukangoja. Akiinua pua, akiishusha. Mwisho akanyoosha kidole: nyuma, upande wa kushoto, chini ya pale anapolaza kichwa.

Kazungu akapiga jeki, akaingia chini. Akatoka na kitu cheusi kimenata mkononi. Blada. Ukanda wa mpira wa tyubu, umezungushwa bomba la moshi mara nne, umeyeyuka nusu.

Akauliza ni fundi gani aliyefanya kazi hii.

Ni mimi. Mwezi uliopita, Mwanaisha alilalamika kwamba akitoka kwenye mashine, chini ya kichwa chake kuna kitu kinagongagonga, hapati usingizi. Kishikizo cha bomba kilikuwa kimekatika. Nikakata blada, ile ninayofungia madebe ya maji, nikalibana bomba lisigonge. Kelele ikaisha. Nikajisifu kimoyomoyo, nikasahau. Mpira juu ya chuma cha moto! Wiki tatu nimemfukizia moshi mke wangu, halafu nikamwita mwongo.

Nikajifanya natazama gurudumu. Mwanaisha alilitazama lile fundo la blada, akanitazama mimi. Fundo langu analijua, kamba ya kuanikia nguo ina lile lile. "Fundi huyo moyo anao," akamwambia Kazungu. "Akili ndiyo aliyokwenda kuazima, hakupewa." Kazungu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilitamani kuingia mwenyewe chini ya gari.

Kazungu kalikwangua bomba lote, katia kishikizo cha sawasawa.

Jumapili, 11 Mei
Nimemwomba radhi. Si kwa blada, kwa lile neno. Kasema kalisikia, na hatalisahau upesi, lakini chai nimletee.

Miguu bado. Kalala kwa kukaa, mito mitatu mgongoni. Nimezihesabu pumzi zake.

Jumatatu, 12 Mei
Tumetoka mapema. Aliingia, akanusa, nami sikuwasha gari mpaka aliposema twende. Leso ilibaki begani. Nilikwenda polepole, kila shimo nikalikwepa. Walionipigia honi niliwaacha wapige.

Foleni darajani. Nikamwuliza barabara inanuka nini leo.

Akafikiri. Akasema mahamri, yule mama wa kona kabadilisha mafuta. Mkaa uliolowa. Samaki wa jana. Kisha bahari, tulipofika katikati ya daraja. Akanitajia moja moja, macho kayafumba, mpaka geti la hospitali. Nesi katoa maji lita tatu na nusu.

Kurudi kalala njia nzima.