Niliwaambia Wazee Kwamba Hata Mirihi Inachemka

Mpendwa Bi Mumina, mshauri wetu wa gazetini,

Naomba msaada wako, ingawa kwa kawaida mimi ndiye ninayeombwa, kwa sababu katika vijana wote wa upande huu wa Habaswein ni mimi peke yangu niliyemaliza darasa la saba na kulichungulia la nane, na kama mvua za Elinino zisingebomoa barabara na mwalimu wa hesabu akakwama Garissa miezi mitatu, labda leo wewe ndiye ungekuwa unaniandikia mimi. Watu huniita Profesa. Wengine hulitamka kwa kicheko, lakini nimegundua kwamba anayecheka ndiye huyo huyo anayekuja baadaye na karatasi ya zahanati nimsomee, basi nawaacha wacheke.

Jambo lenyewe ni hili, na tafadhali usinikatize. Hapa kwetu kuna laga, mkondo wa mto ambao maji yake huja na mvua na kuondoka nayo, na kando ya laga kuna migunga mikubwa, mizee, iliyosimama karibu karibu kama watu wanaonong'ona, na kiangazi kikikaza na majani yakaisha kila mahali, migunga hiyo huangusha maganda yake na mbuzi wakiyala maziwa hayakatiki. Eddo Safiyo, yaani shangazi yangu, dada ya marehemu baba, aliyenilea tangu nikiwa wa kubebwa, alikuwa na mbuzi zaidi ya mia, lakini mafuriko ya mwaka jana na ule ugonjwa uliofuata mvua vilimwachia kumi na wanne. Hao kumi na wanne wanaishi kwa maganda ya migunga ile, eddo anaishi kwa hao kumi na wanne, na mimi, nisikufiche, naishi kwa eddo.

Sasa mwezi wa tano alipita afisa wa misitu, akawaambia wazee kwamba moshi wa binadamu na ukataji wa miti ndivyo vinavyoipasha dunia joto, na wazee wakamwamini, kwa hiyo alipokuja Salat, mfanyabiashara, na lori lake kuomba migunga ya laga aichome makaa, Mzee Alio, ambaye barazani kwetu ndiye husema wa kwanza, alimjibu kwamba watu wa laga hawatajiwashia jua la pili. Salat hakubishana. Alinitafuta mimi, akaninunulia chai na mahamri mawili, akaniambia, "Profesa, wazee hawa wanahitaji kuelimishwa tu. Ukiwaelimisha, lori likianza kazi wewe ndiye karani, unakaa mbele na dereva." Bi Mumina, umewahi kupanda juu ya mizigo kutoka Habaswein hadi Garissa, ukashuka na vumbi katikati ya meno? Basi usinihukumu upesi.

Alasiri moja mwezi wa saba nilikuwa nimelala chini ya migunga hiyo hiyo, saa ile ambayo nchi nzima inatetemeka kwa joto na mbuzi wa mbali wanaonekana kama wanatembea juu ya maji na miguu yao imerefuka, redio ya eddo iko kifuani pangu, betri zake nimeshazianika juani mara tatu. Mtangazaji akasema wataalamu wametazama mbali sana, kwenye sayari ya Neptuni, wakauona mwezi wake uitwao Tritoni, na kwamba kwa miaka hii tisa mwezi huo umezidi kupata joto, na barafu yake, ambayo si ya maji bali ni ya hewa iliyoganda, inageuka mvuke. Halafu redio ikakohoa, mtangazaji akawa kama mtu anayesemea ndani ya gunia, ikanyamaza.

Sikuinuka. Nililala vile vile nikauona mwezi ule, naapa niliuona, mweupe kuliko chumvi, hauna kwato hata moja iliyowahi kuukanyaga, na barafu yake ikipanda polepole kama mvuke wa maziwa mapya asubuhi ya baridi, bila sauti, bila harufu, na mimi natembea juu yake pekupeku na nyayo zangu haziungui wala hazigandi. Sijui nilikaa huko muda gani. Niliporudi kulikuwa na ganda la mgunga limeniangukia shingoni, na hapo wazo likanijia. Huko Tritoni nani amekata mti? Nani amewasha lori? Ikiwa kule kunapata joto bila mtu hata mmoja, basi na hapa binadamu anasingiziwa. Nilijipenda sana siku ile.

Bi Mumina, wewe jina lako ni la huku, kwa hiyo unajua kwamba kwetu mtu akifika huambiwa "Warran," yaani toa habari, na mtoa habari hutenganisha aliyoyaona kwa macho, aliyoyasikia na aliyasikia kwa nani, na pale ujuzi wake ulipoishia hutaja kwamba umeishia hapo. Hata mchunga mbuzi wa miaka sita anaijua adabu hiyo. Mimi nilisimama mbele ya wazee nikaanza vizuri na Tritoni, nikamwona Mzee Alio ameacha kutafuna mswaki wake, nikanogewa. Nikaona mwezi mmoja ni mchache. Nikaongeza Mirihi. Nikaongeza Mshtarii, na Zuhura nikasema imekuwa kama sufuria iliyosahauliwa jikoni, na kwamba wataalamu wote wamekata shauri kuwa ni jua lenyewe limezidi na makaa hayana kosa.

Mzee Alio akaniuliza taratibu, "Haya yote umeyasikia kwa masikio yako?"

Nikamjibu, "Kwa masikio yangu yote mawili, adeer," yaani ami, kama tunavyowaita wazee wetu.

Wakasema shauri litamalizwa Ijumaa ya kwanza ya Septemba baada ya sala, lakini vichwa vingi vilikwisha kutikisika kukubali, na nikasikia mmoja anasema kama moto unatoka huko juu basi vijana na wapewe kazi, na Salat akanikonyeza.

Eddo hakunigombeza. Alinipa maziwa yangu kama kawaida, akaketi, akasema, "Huko kwenye nyota zako, mbuzi wangu watakula nini?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Tangu siku hiyo ananisemesha mambo ya mbuzi tu: fungua, funga, nywesha. Na kinachonisumbua zaidi, nikilala tena pale chini ya migunga nikiutafuta mwezi wangu, unakuja, lakini mvuke unaopanda ni mweusi.

Basi nambie mambo mawili. Je, nilichosema kinaweza kuwa kweli hata kama sikukisikia? Maana kina akili ndani yake, wewe mwenyewe umeona. Na kama si kweli, ninyamaze nikawe karani, au niseme na kijiji kizima kinicheke? Usinijibu kwa posta, sanduku ni la shule na mwalimu mkuu hufungua barua zote. Nijibu gazetini, gazeti hufika kwetu likiwa limechelewa kidogo lakini hufika.

Ni mimi,
Profesa wa Laga

*

Mwanangu Profesa,

Nimekusoma hadi mwisho bila kukukatiza, kama ulivyoniamuru. Una ulimi mtamu, na moyo wako bado mzima, maana ungekuwa umeoza ungekuwa umeshachagua kiti chako lorini na mimi nisingepata barua. Lakini ulichofanya ni kibaya na sitakipaka asali.

Swali lako la kwanza. Habari ya Tritoni ni ya kweli, nimemuuliza mwalimu wa sayansi hapa mjini akanionyesha ilivyoandikwa. Ila betri zako zilikufa kabla ya kiini chake. Neptuni hulizunguka jua kwa miaka kama mia na sitini na mitano ya kwetu, kwa hiyo msimu mmoja wa huko hudumu miaka kama arobaini, na mwezi wako sasa umo katika kiangazi chake. Wataalamu wanaona hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kufikiriwa. Mirihi, Mshtarii na Zuhura umezichemsha wewe mwenyewe. Na jua halikosi wa kulipima: vyombo viko juu angani miaka kama ishirini sasa, vinaliona likipanda kidogo na kushuka kidogo, lakini havijaona ongezeko la kutosha kueleza joto letu. Wewe mchungaji hukujiuliza hili? Moto ukizidi, aliye karibu nao ndiye huungua kwanza. Huo mwezi uko mbali na jua mara thelathini kuliko sisi.

Tena hata sayari tatu zingekuwa zinapata joto kweli, ingethibitisha nini? Ngamia wa Kutulo akipata homa ya kupe, utaapa kwamba mbuzi wa Habaswein hakulishwa sumu? Kila mnyama hukaguliwa peke yake. Radi huwasha nyika bila kiberiti, lakini sijasikia mtu aliyechoma boma la jirani akaachiliwa kwa sababu radi ipo. Miaka mitatu iliyopita wataalamu wa nchi nyingi waliandika kwamba wakipima yote kwa pamoja, dalili zinaonyesha mkono wa binadamu katika joto la dunia hii. Hawakudai kujua kila kitu. Walisema wanachokijua, wakasema na pale kinapoishia. Wataalamu hao hawajawahi kuambiwa "Warran" wakakaa mkekani, na adabu wameishika kuliko wewe.

Hilo wazo lako lina akili, kweli. Ndiyo maana lina hatari. Uongo usio na akili ungechekwa pale pale barazani na migunga ingekuwa salama.

Nikwambie na ambalo hukuniuliza. Afisa wa misitu naye alifupisha mno. Migunga ya laga yenu ikikatwa yote, dunia haitaungua kwa sababu hiyo. Moshi mwingi unatoka kwenye nchi zenye viwanda na magari yasiyohesabika, na ninyi wa laga mnapata joto lao bila kupata magari yao. Shauri la migunga yenu liko karibu zaidi. Ni kivuli, ni udongo usioondoka na mafuriko, ni maganda. Neptuni ichemke au igande, mgunga ukishakuwa makaa hauangushi ganda kiangazi kikikaza. Shangazi yako alilimaliza shauri zima kwa swali moja, na wewe, uliyelichungulia darasa la nane, ukacheka.

Salat simwiti shetani. Vijana wa kwenu wanahitaji kazi na lori ni kazi. Basi na aombe kwa kinywa chake mwenyewe, aseme faida yake na hasara yenu, wazee wapime. Lakini kazi unayopewa kwa sababu ulidanganya itabidi uilinde kwa kudanganya tena, na siku utakapochoka kusema uongo utashushwa njiani, mahali pasipo na kijiji. Mwambie hivyo kabla hajakununulia chai nyingine.

Unaogopa kuchekwa. Utachekwa, sana, na wiki kadhaa watakuita Mirihi badala ya Profesa. Utaishi. Mtu aliyerudi kusahihisha habari yake huulizwa tena habari. Aliyefumaniwa haulizwi tena hadi anazeeka. Na mwezi wako endelea kuutembelea. Mtu anayeweza kulala juani kiangazi akaona barafu ikipanda bila sauti amepewa kitu ambacho shule haigawi, ila ni chako wewe, si ushahidi wa kupeleka barazani.

Sasa sikiliza. Gazeti hili likikufikia, kwanza nenda kwa eddo Safiyo, usianze na maneno. Chukua upembo uwaangushie mbuzi wake maganda, kesho yake tena, na keshokutwa tena. Atakuuliza akiwa tayari, na akikuuliza umweleze yote. Halafu nenda kwa Mzee Alio nyumbani kwake, asubuhi, mapema kabla mifugo haijatoka, umwambie lile jibu la masikio mawili halikuwa kweli. Usimwache alisikie kwa mara ya kwanza mbele ya watu, mzee wa heshima hafanyiwi hivyo.

Na Ijumaa, sala ikiisha, simama na gazeti hili. Wazee wenu hawana msomaji mwingine barazani, kwa hiyo utasoma wewe. Soma barua yako na jibu langu, tangu neno la kwanza, na pale panapokuaibisha soma kwa sauti ile ile. Usiruke mstari. Usiongeze sayari. Wakikuuliza jambo ambalo halimo humu, sema hulijui. Kisha kaa chini, na wazee wakianza kuamua, nyamaza.

Bi Mumina