Maji Aliyokunywa Haji Mokbul Nyumbani Kwangu

KITUO CHA POLISI KALITOLA, WILAYA YA KHULNA, BANGLADESH
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Jobeda Khatun. Umri: miaka 54. Kazi: mkulima, zamani wa mpunga, sasa wa chochote kinachoota. Makazi: kijiji cha Boroikhali. Elimu: darasa la tano. Tarehe: Jumanne, 6 Juni 2023, saa 3:30 asubuhi.

Ndiyo, nilimnywesha mimi. Glasi nzima. Afande asihangaike kumtafuta mwingine.

Mimi ni mama yake Rehnuma, wakili. Afande anamjua, wilaya nzima inamjua. Ndiye aliyesimama kwenye mkutano wa hali ya hewa ng'ambo, mbele ya mawaziri wenye suti, akawaambia bahari yetu inapanda kwa moshi wa viwanda vyao. Alivaa sari niliyoidarizi mimi. Afande ameniambia nirudi kwenye tukio. Narudi.

Haji Mokbul Gazi ana mabwawa ya kambamiti nyuma ya kijiji chetu. Miaka sita iliyopita alitoboa tuta la mto na kupitisha bomba, maji ya chumvi yaingie kwa kambamiti wake. Yakaingia pia kwenye mashamba yetu na kwenye bwawa letu la maji ya kunywa. Tukilalamika, husema ni kimbunga, ni bahari, ni kazi ya Mungu. Rehnuma husema, "Mama, wa mbali wameipandisha bahari, Haji akaifungulia mlango." Ndiyo maana amemshtaki mahakamani Khulna kwa niaba ya nyumba 212, bomba lizibwe. Tukishindwa, tunahama.

Mwaka jana mke wa mwanangu mkubwa alipoteza mimba ya miezi saba. Presha ilipanda. Daktari aliuliza swali moja tu: mnakunywa maji gani? Mtoto alikuwa wa kike. Niandikie hivyo hivyo, afande, usiongeze kitu.

Mnamo tarehe 9 Mei mwaka huu Haji aliapa mbele ya hakimu kwamba maji ya bwawa letu ni matamu, na watu wake wanayanywa kila siku. Nilikuwa nimekaa benchi la pili. Nilimsikia kwa masikio yangu.

Mnamo Ijumaa, tarehe 2 Juni, saa 8 mchana, baada ya sala, Haji alikuja kwangu na wanaume wanne wa kijiji, waone tukipatana. Nilimwekea mkeka kivulini.

Akasema, "Shemeji, mwambie binti yako afute kesi. Msichana wa kubishana na wanaume mahakamani, nani atamwoa?"

Nikamjibu, "Wameshakuja watatu, Haji. Anawachagua kama mchele, na bado anaona mawe."

Wale wanne wakacheka. Yeye hakucheka.

Kwetu mgeni hupewa sukari guru na maji, na akiyakataa mbele za watu amekutukana. Nilileta sukari guru. Nikaleta maji kwenye glasi ya shaba ya mahari yangu. Nilikuwa nimeyachota bwawani asubuhi ile. Hamna nilichotia. Mtungi upo, nendeni mkaupime.

Akayanusa. Nikasema, "Kunywa, Haji. Ni yale matamu."

Mzee Kashem, mmoja wa wale wanne, akamchokoza, "Kunywa bwana, au ulimdanganya hakimu?"

Akanywa. Nilisimama karibu nikihesabu mafunda. Saba. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Kisha akaenda kutapika kando ya mbuzi wangu. Nikamuuliza, "Nikuongeze?"

Afande ananiuliza kama nilipanga haya na binti yangu. Hapana. Rehnuma alikuwa mjini, na aliposikia alinigombeza. Nilitaka tu Haji aonje. Glasi moja, kwa yule mtoto tuliyemzika. Sijutii, na kesho akija nitampa tena.

Leo afande amenisomea malalamiko ambayo Haji aliyaleta hapa Jumamosi, kwa mwandiko wake na sahihi yake: kwamba nilimnywesha "maji ya bwawa la Boroikhali, ambayo ni sumu na hayafai kwa binadamu." Nilimwomba afande arudie. Akarudia. Nikamwomba arudie polepole. Halafu nikamwita Rehnuma aliyekuwa nje. Alisoma akiwa amesimama, akakaa, akaomba nakala yenye muhuri. Huyo ndiye mwanangu. Mimi nilipata kisasi cha glasi moja, yeye kapata cha bomba zima.

Sina zaidi. Niliyosema ni yangu, nimesomewa, hayakupunguzwa. Naweka sahihi, si dole gumba.

(Sahihi) Jobeda Khatun

MAELEZO YA OFISA: Yameandikwa nami, Mkaguzi Msaidizi Liton Howlader. Mtungi mmoja wa maji umechukuliwa kama kielelezo. Nakala ya malalamiko imetolewa kwa wakili saa 5:05 asubuhi. Saa 6:10 mchana mlalamikaji alifika akiomba malalamiko yake yafutwe. Ameelezwa kwamba nakala imeshatoka, na kwamba yeye, shahidi, wale wanaume wanne na nyumba zote 212 wanatarajiwa mahakamani Khulna saa 3 asubuhi, Jumapili, tarehe 18 Juni 2023.