Niliandika Kwamba Anajua Kudunga Sindano

Mpendwa mshauri Mama Nzisa, Bwana asifiwe. Naomba unisaidie, na unijibu haraka, kwa sababu kuna mtu anangoja jibu langu kufikia Jumamosi. Tafadhali jina langu usilitaje kwa redio. Hapa Emali watu huniita Fundi, na si fundi wa gari wala wa nguo, ni fundi wa CV, nina saiba yangu, duka la kompyuta na kuchapisha, karibu na stesheni mwaka wa tisa sasa, na bila kujisifu mimi najua kila nchi inapenda nini. Canada ukiweka picha na dini umeharibu, Ujerumani wanataka kujua kila mwezi ulikuwa wapi ukifanya nini, na Oman wanataka picha ya kusimama mzima, dini, urefu, lugha unazojua, na zaidi ya yote wanataka uzoefu, miaka mingapi na ulifanyia nani.

Mwaka jana mwezi wa nane alikuja mama mmoja kutoka Ikutha, nitamwita Nduku, mjane wa watoto wawili, akaniambia ajenti wa kazi za ng'ambo amempatia habari ya nyumba moja huko Oman inayotafuta mtu wa kukaa na bibi mzee mwenye kisukari, na kwamba hao watu wanaongea Kiswahili kwa sababu wazee wao waliishi Zanzibar. Nikamuuliza, mama, umefanya kazi gani? Akasema hajawahi kuajiriwa, miaka minne amekuwa nyumbani na mama mkwe wake aliyepooza upande mmoja, anamlisha, anamwosha, anamgeuza, mpaka siku alipomzika. Nikamwambia hiyo si kazi, hakuna aliyekulipa, ukiandika hivyo watakucheka. Nikafuta. Mahali pake nikaandika miaka minne katika nyumba ya kutunza wazee huko Malili, nyumba ambayo haiko, na nikaongeza kwamba anajua kupima sukari na kudunga insulini. Nduku alisoma pole pole halafu akaniuliza, "Fundi, hii Malili ni gani? Mimi Malili hupita tu na gari." Nikamjibu, "Oman wanataka hivyo." Niliona hajafurahi, ni mtu wa kanisa, lakini aliniamini kwa sababu mimi ndiye najua hizi vitu.

Pale mwisho panapotakiwa referee, mtu wa kupigiwa simu aulizwe habari zako, niliandika "Meneja" na namba ya laini yangu ya pili. Mama, hiyo laini nimeitumia kwa watu wengi na hakuna kitu kilitokea. Ajenti alipiga, nikaongea kwa sauti nzito kidogo, nikamsifu Nduku kabisa, na baada ya wiki sita akapanda ndege.

Wiki ya kwanza tu akanitumia sauti kwa WhatsApp, amejificha bafuni, anaongea chini chini, "Fundi, hii sindano inaingia wapi?" Nilitazama video nikamwambia tumboni. Kesho yake, "Fundi, hii mashine imeandika nane, nane ni mbaya?" Nikawa daktari wa mbali hivyo, mwezi baada ya mwezi, mimi ambaye sijawahi hata kushika sindano ya kuku. Halafu Jumanne ya wiki iliyopita nilikuwa na watu wa programu ya mazishi wamejaa saiba, printa imekwama, akaniuliza Bibi amekataa uji, je amdunge tu ama angoje. Sikutafuta popote, Mama. Nilijibu tu, "Dunga, atakula baadaye." Bibi hakula. Alilala, akaanza kutoka jasho na kutetemeka, akiitwa haitiki vizuri, na kama binti yake, nitamwita Fahima, hangerudi kazini mapema siku hiyo akampa maji ya sukari kidogo kidogo, sijui ningekuwa naandika nini leo. Fahima alidhani ni ugonjwa tu. Hata alimshukuru Nduku kwa kumshika Bibi mkono.

Sasa jana laini ya pili imeita, nikaiacha, ukaja ujumbe, nimeunakili hivi ulivyo: "Ndugu Meneja, mimi ni Fahima. Nasafiri Jumatatu kwenda India kufanyiwa upasuaji, wiki mbili. Nyumbani atabaki Mama na Nduku peke yao. Wewe umemuona kazini miaka minne. Ingekuwa ni mama yako, ungemwachia? Nijibu kabla ya Jumamosi nipate kutulia."

Nimeusoma huo ujumbe hata sijui mara ngapi. Nikisema ndiyo, Bibi anaweza kufa. Nikisema ukweli, Nduku atarudishwa, ama ashikwe, na watoto wake wawili wako shuleni kwa jasho lake, na mimi nitafunga saiba kwa aibu. Mke wangu ananiambia nizime hiyo laini na nimwachie Mungu. Nifanye nini?

Fundi wa CV, Emali

*

Fundi, jina lako nimelificha kama ulivyoomba. Mengine yote nimeyasoma hewani leo asubuhi, na nimeyasoma kwanza kabla ya barua zingine kwa sababu ya hiyo Jumamosi yako.

Pole. Naona unaumia na sitakuambia unaigiza. Lakini, ala! Kwa ukurasa mzima umeogopa kufunga saiba, ukaogopa aibu, na huyo Bibi wa watu umemtaja kama hatari inayokujia wewe. Yeye ndiye anayelala leo akiwa hajui kwamba dawa yake inapimwa na mtu wa printa huko Emali. Mume wangu nilimdunga insulini miaka sita. Nesi alinikalisha siku tatu kabla ya kuniruhusu kuishika hiyo sindano, na neno la kwanza alilonifundisha ni kwamba mtu asipokula humdungi kama kawaida, unauliza wanaojua. Wewe ulijibu kwa maneno matatu ukarudi kwa printa yako.

Na usinielewe vibaya. Kuandika CV ya Oman kwa njia ya Oman si kosa. Weka picha, weka urefu, toa mambo ya kwaya kama hawayataki, hiyo ni kazi yako na naona unaiweza. Kosa ni kwamba Nduku alikuletea kazi ya kweli mezani, miaka minne ya kumgeuza mzee kitandani asitoke vidonda, na wewe ukamwambia si kazi. Huku kwetu ndivyo tunavyosema, nami nimeisikia hata kwangu: mke akimwosha mama wa mumewe, huo ni wajibu, nani anahesabu? Ukafuta kitu ambacho hao watu wa Oman walikuwa wanakitafuta, ukaweka Malili.

Halafu angalia kilichofuata. Fahima aliposoma "anajua kudunga," hakumfundisha. Angemfundisha kwa nini? Ungeandika ukweli, siku ya kwanza angemshika mkono akamwonyesha, na Nduku hangekuwa anajificha bafuni kukuuliza wewe.

Sasa fanya hivi, na uanze leo, si Ijumaa jioni. Kwanza mpigie Nduku. Si ujumbe, piga simu, mwombe msamaha na umwambie utakachosema, asije akashtukizwa jikoni. Mwambie tangu saa hii asimdunge Bibi tena mpaka Fahima awe amesimama kando yake, na asikuulize wewe chochote cha dawa maisha yake yote. Ukikata simu, usikae. Mpigie Fahima saa ile ile, kwa sababu Bibi hawezi kukosa dawa yake akingoja wewe upate nguvu. Tumia laini yako yenyewe, jina lako lenyewe, sauti yako ya kawaida. Mwambie wewe si meneja, Malili hakuna nyumba, maneno ya sindano uliyatunga wewe, na Jumanne ile Bibi alidungwa bila kula kwa neno lako. Mwambie amwonyeshe daktari wa Bibi yote hayo na atafute nesi wa kumfundisha Nduku, na asisafiri kabla ya hilo kupangwa. Halafu andika hayo yote na uyatie sahihi, umtumie yeye na ajenti, ili lawama ikitafuta mtu ikukute wewe kwanza. Mkeo mwambie Mungu hajaulizwa, umeulizwa wewe. Na wale wengine wote walioondoka na hiyo laini yako ya pili, watafute mmoja mmoja. Kama utafunga saiba, funga.

Inawezekana Nduku akarudishwa. Siwezi kukuahidi vingine. Akirudishwa, ada ya watoto wake kwa mwaka huu ni yako, na usiniandikie kuniuliza kama ni haki.

Lakini kabla hujakata simu ya Fahima, kuna swali amekuuliza na lazima ulijibu. Mwambie ya Ikutha. Mwambie kuna mwanamke aliyekaa na mama asiyemzaa miaka minne bila shilingi, akamlisha kwa kijiko, akamgeuza usiku na mchana, na mama huyo alizikwa bila kidonda mgongoni. Kama hilo la kidonda hulijui, muulize Nduku, atakuambia. Huyo, akifundishwa sindano, mimi ningemwachia mama yangu. Yule wa Malili, Fundi, hujawahi kumwona hata wewe.